Kigoda Kilichohama

Mfalme Engeran wa Belmarin alijua kwamba kuna mtu anamwinda pale aliposikia mguu wake ukigonga mti.

Hakuumia. Miguu yake iliacha kuumia tangu akiwa mvulana, na mikono ikafuata. Alisikia tu sauti, ko!, kisha kitu kikaburuzika sakafuni, naye akaegemea ukingo wa dirisha kwa bega kabla hajaenda chini. Akasimama akihema. Kati ya kitanda chake na beseni la kunawia hapakuwa na kitu jana, wala juzi. Njia hiyo aliijua kama anavyoijua sala ya Baba Yetu, kwa maana ndiyo pekee aliyoweza kuitembea asubuhi bila kushikwa mkono.

Aliinama akapapasa kwa kiwiko, ambako hisia zilikuwa hazijafa. Kigoda. Kigoda chake cha kuwekea miguu, ambacho siku zote hukaa ukutani chini ya msalaba. Kilikuwa na miguu mitatu, lakini hakijawahi kutembea. Mtu alikuwa amekileta hapo makusudi, apate kuona kama mfalme atakipita au atakikumba.

Ukoma wake haukuwa siri. Belmarin nzima iliujua, kuanzia makabaila wenye ngome milimani hadi wauza samaki wa bandarini. Ndiyo maana alivaa hariri nyepesi usoni na glavu nyeupe mikononi. Kwa desturi ya nchi, askari mpanda farasi akishikwa na ukoma hupelekwa kanisani, akasimamishwa kando ya kaburi lililo wazi, padri akamwagia udongo miguuni na kumsomea sala ya wafu. Kisha hutoka kwa lango dogo kwenda nyumba ya Mtakatifu Lazaro nje ya ukuta, anahesabiwa marehemu. Mkewe huwa mjane. Upanga wake hurithiwa, naye bado anakula na kulala.

Kwa Engeran makabaila walilegeza desturi hiyo, kwa sharti moja. Kila Sikukuu ya Kupaa wangekuja mbele yake mmoja mmoja, wapige magoti kimya, waweke mikono yao kati ya mikono yake, naye amwite kila mmoja kwa jina. Mfalme anayewajua watu wake yu hai. Mwaka atakaoshindwa, kaburi lingechimbwa.

Siri yake ilikuwa macho. Tangu Kwaresima mwanga ulikuwa umemzimikia. Watu watatu tu walijua: Ozana, yaya aliyemnyonyesha na anayemwosha hadi leo, Bar Tuma, tabibu Msiria, na Aelis, dada yake. Hao hao watatu ndio pekee walioingia chumbani humo, ukimwondoa mtumishi aliyemfuata Aelis kila aendako.

Na leo ilikuwa Kupaa.

Kaburi likichimbwa, nchi ingeangukia mikononi mwa Joseran, mume wa Aelis. Mrithi wa taji alikuwa Odo, mtoto wa Aelis kwa mume wake wa kwanza, lakini Odo alikuwa mdogo bado wa kubebwa mgongoni, na Joseran ndiye mlezi wake. Joseran alikuwa amevuka bahari mwaka juzi tu, na tangu ashuke merikebuni mate yalikuwa yakimtoka kwa misafara ya Dameski iliyopita chini ya kuta za Belmarin kwa suluhu. Engeran ndiye aliyeiapia suluhu hiyo kwa Sultani. Ikivunjwa, mashamba yangechomwa kabla zabibu hazijaiva, na Belmarin haikuwa na askari wa kujaza hata nusu ya kuta zake.

Mlango ukafunguka, nyayo pana zikaingia. Ozana.

"Umeamka na shetani gani leo? Mbona umesimama kama mlingoti?"

"Nani ameingia humu, mama?"

"Mimi. Na panya."

"Panya hahamishi kigoda."

Ozana akanyamaza. Kimya chenyewe kilikuwa kifupi, lakini Engeran alikipima. Ni kimya cha mtu anayeshangaa, au cha mtu anayetafuta la kusema?

"Nani amekileta hapa?" Ozana akasema hatimaye. "Nikimjua nitamvunja mkono."

"Hata mimi nataka kumjua."

"Basi usinisemeshe kwa sauti hiyo, kana kwamba mimi ndiye." Akamketisha kitandani, akaanza kumfunga vitambaa safi miguuni. "Leo nitasimama nyuma yako na upepeo, kama tulivyopanga. Wakibadilisha foleni yao ya vyeo, nitakupangusa shingo kwa manyoya. Upande wa kushoto, maana yake anayekuja siye."

Mpango huo waliutunga wawili. Jana ulimfariji. Leo ulimtia baridi: mtu anayeshika upepeo nyuma yako anaweza kukupangusa shingo au asikupanguse, na wewe huwezi kugeuka kumtazama.

"Hutasimama nyuma yangu," Engeran akasema. "Utabaki humu."

Mikono ya Ozana ikasita juu ya kitambaa. "Utawajuaje?"

"Nitawajua."

"Unaniogopa mimi, Engeran? Mimi niliyekutafunia nyama ulipokuwa huna meno?" Akakaza fundo. Bila shaka alilikaza sana, kwa kuwa uzi ulilia. "Haya. Baki na masikio yako. Ila ukianguka huko, usije ukanililia mimi. Maziwa yalikwisha zamani."

Akatoka bila kuomba ruhusa.

Bar Tuma alikuja na dawa yake ya macho. Vidole vyake vilikuwa baridi kwenye kope za mfalme. Uso bado ulikuwa na sehemu zilizo hai. Alitia matone, akafuta, akakohoa.

"Mheshimiwa, lile ombi langu. Baada ya sikukuu ningependa kwenda kwa ndugu zangu Dameski."

"Kwa nini leo, tabibu?"

"Nimekuomba tangu Pasaka."

Ilikuwa kweli. Lakini kweli nayo ina siku zake, na Engeran alijiuliza ni nani anayefunga mizigo asubuhi ya siku ambayo bwana wake huenda akazikwa. "Tutaona," akamwambia. Tabibu akasema, "Ndiyo, mheshimiwa," kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuonja jibu hilo mara nyingi.

Aelis akaja mwisho. Hariri yake ilitangulia kusikika, kisha mvuke wa divai yenye asali. Nyuma yake aliingia mtu mwingine, akaketi karibu na mlango bila salamu. Engeran alimjua kwa pumzi zake nzito za puani: Brunisenda, yule bibi ambaye Joseran alimleta kutoka kwao ili "amhudumie" Aelis. Hakuwahi kumhudumia zaidi ya kumfuata.

"Salama, mdogo wangu?"

"Salama, dada. Umelala vipi?"

"Kama mke wa mtu." Akacheka kidogo. "Unaionaje nguo yangu mpya?"

Moyo wa Engeran ukaruka. Aelis alijua kwamba haoni. Kwa nini amuulize hivyo mbele ya mwanamke yule?

"Ina rangi ya kumkera mumeo," akajibu.

Aelis akacheka tena, na safari hii kicheko kilikatika katikati. Kutoka mlangoni hakikusikika kitu, ila zile pumzi zilikaa sawa, kama za mtu anayehifadhi neno la kwenda kulitoa mahali pengine. Aelis akainama karibu. "Leo uangalie unapokanyaga," akasema, si kwa kunong'ona, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Ngazi za ukumbini zimesuguliwa, zinateleza."

Akaondoka na mlinzi wake. Engeran akabaki na kikombe cha divai alichoachiwa, asichoweza kujua kama ni cha moto. Hakukigusa. Uangalie unapokanyaga. Dada yake alikuwa amemtisha, tena mbele ya shahidi.

Adhuhuri walimwongoza ukumbini, askari wawili kushoto na kulia, kama heshima ya mfalme inavyotaka. Hakuna aliyejua kwamba bila wao angeingia ukutani. Alikaa kitini. Mbele yake aliwasikia makabaila wakijipanga. Wale waliozaliwa huku walijulikana kwa wepesi wao: viatu laini, kanzu za hariri, sabuni ya mzeituni. Wale waliovuka bahari juzi juzi walivaa sufu jua likiwaka, na walinukia farasi wao.

"Vitoto vya farasi vimejipaka manukato leo," mmoja wa watu wa Joseran alisema kwa nguvu ya kutosha. Ndivyo walivyowaita wazaliwa wa Belmarin.

"Heri kitoto aliyeoga kuliko beberu aliyevuka bahari," mtu akamjibu, na kicheko kikapita ukumbini.

Engeran akakiamini kicheko kile. Watu wanaocheka hawajashika pumzi.

Askofu akagonga fimbo yake. Wakanyamaza, wa kwanza akaja. Nyayo nzito, pumzi za filimbi, na goti likalia kama kuni mbichi lilipogusa sakafu. Mzee Gibelin wa Mwambakijivu, kabaila mkongwe kuliko wote, ambaye hakuna baraza alilowahi kuhudhuria bila kumpinga mfalme. Mikono yake ikawekwa mahali pa mikono. Engeran hakuihisi, ila alisikia ngozi ikisuguana na glavu.

"Gibelin wa Mwambakijivu."

"Ni mimi, mtu wako," mzee akanguruma, kana kwamba jambo hilo linamkera.

Wa pili alijikohoza, kama kila mwaka. Aliitwa, akaitika. Wa tatu alivaa pete nyingi zilizogongana. Aliitwa, akaitika. Wakati wote huo ukumbi ulikuwa hai: mtu anapiga chafya, mbwa anajikuna, mtu anamsimulia jirani yake habari za farasi mgonjwa.

Wa nne kwa cheo alikuwa Perino wa Safran, aliyevunjika paja vitani na kuchechemea tangu hapo. Na kweli, nyayo zilizokuja zilichechemea. Hatua, mburuzo. Hatua, mburuzo. Zikafika mbele ya kiti. Mtu akapiga magoti.

Engeran alikuwa amekwisha kufumbua mdomo aseme jina, ndipo alipousikia ukumbi.

Haukuwa na sauti. Hakuna chafya. Habari za farasi mgonjwa zilikuwa zimekatika katikati ya neno. Hata mbwa, labda mtu alimshika shingo. Watu wote walikuwa wametulia kama wanaotazama sahani ikielekea ukingoni mwa meza.

Akaufunga mdomo.

Aliyepiga magoti mbele yake alikuwa nani? Huenda ni Perino kweli, na wamenyamaza kwa sababu uso wake umefanya kitu. Huenda si Perino. Akiita "Perino" na siye, mfalme amemwapisha mtu asiyemjua mbele ya nchi nzima, na wachimba kaburi wataitwa kabla ya chakula. Akisema "siye" na kumbe ndiye, ni yale yale. Nyuma ya shingo yake hakukuwa na manyoya. Ozana alikuwa ghorofani, amefungiwa humo na amri ya mfalme mwenyewe. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Engeran aliona gharama ya kumshuku kila mtu: umebaki peke yako na asiyejulikana.

Lakini aliyejulikana alikuwa yeye, yeye na ukoma wake. Hicho ndicho walichokisahau.

"Ndugu zangu," akasema. "Kabla sijamwita huyu, kuna desturi tumeiacha. Baba yangu alimpokea mtu wake kwa mikono, kisha kwa busu la mdomo. Mlinisamehe busu hilo kwa kunihurumia, nanyi mkijihurumia. Mwaka huu linarudi."

Akatoa hariri usoni.

Sauti iliyopita ukumbini ilikuwa ya viatu vingi vikirudi nyuma kwa pamoja. Engeran akainama mbele taratibu, kuelekea mahali pumzi za yule mtu zilipotoka, na pumzi zile zikawa fupi, zikawa kwikwi.

"Njoo, mtu wangu. Nipe mdomo."

"Bwana mkubwa, nihurumie!" Mtu akajitupa nyuma, akaanguka kwa kishindo. "Mimi siye! Mimi ni mtunza farasi tu, naitwa Gaso! Wamenivalisha nguo hizi, nimeambiwa nichechemee na nisiseme! Nina watoto, bwana mkubwa, usinibusu!"

"Umechechemea vizuri, Gaso. Nani amekufundisha?"

"Bwana Joseran."

"Na Perino mwenyewe yuko wapi?"

"Ghala la sukari, bwana. Wamemfungia. Tangu asubuhi anapiga mlango teke, kwa mguu ule mzima."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi, kicheko cha watu waliotoka kwenye hofu. Katikati yake ikatoka sauti ya Joseran, laini na nyepesi.

"Utani wa sikukuu, shemeji. Tulitaka uchangamke."

"Nimechangamka. Sasa njoo na wewe unibusu, shemeji."

Kicheko kikafa. Kila aliyezaliwa Belmarin alijua jambo moja, na Engeran alikuwa akitumaini kwamba Joseran halijui: aliyeitwa kwenye busu na bwana wake akalikataa, amemkataa bwana, na alichokishika kwa jina la bwana huyo kinamtoka mkononi hapo hapo. Kwao ng'ambo huenda hukumu kama hiyo ingengoja baraza na mwezi mzima wa maneno. Huku haikungoja kitu.

"Mimi sitaweka mdomo wangu kwenye uvundo huo," Joseran akasema. "Na ninyi mnasimama hapo kama kondoo? Haoni! Kipofu! Muulizeni nimeinua vidole vingapi!"

"Sihitaji kuhesabu vidole vyako kujua ulipo," Engeran akasema. "Umesimama karibu na mlango."

Hakukisia. Viatu vya Joseran vilikuwa vya sufu na misumari, na vilikuwa vimerudi nyuma kuliko vyote.

Goti likalia kama kuni mbichi. Pumzi za filimbi zikapanda ngazi. Kabla Engeran hajajiandaa, mdomo mkavu wenye ndevu ulibanwa kwenye mdomo wake, ukakaa kidogo, ukaondoka.

"Nina miaka sabini na ushee," mzee Gibelin akasema kwa ukumbi mzima. "Ukoma unikute nini? Mifupa? Nimemkataza kijana huyu mambo mia, na mia hakunisikia. Lakini sheria inasema mfalme amjue mtu wake. Haisemi amjue kwa macho. Ameletewa asiye wake, hakumwita. Aliye wake amkaribie na midomo yake, asiye wake mlango ni ule pale, shemeji amekwisha kuuonyesha."

Wakaja. Si wote, lakini wengi. Wengine walibusu hewa karibu na shavu lake, wakidhani hajui. Alijua. Aliwasamehe, na aliwakumbuka.

Kabla jua halijapungua makali, askofu alikwisha kutangaza: Joseran si mlezi tena. Odo angelelewa Mwambakijivu, katika nyumba ya Gibelin, na suluhu ya Dameski ingebaki kama ilivyoapiwa. Perino alitolewa ghalani akiwa mweupe nywele hadi nyusi, akitukana kwa lugha tatu.

Chumbani, Ozana alimfungua vitambaa bila kusema. Engeran alingoja hadi mguu wa pili.

"Mama, nilikukosea."

"Najua." Akatumbukiza kitambaa kwenye beseni. "Nilisikia kelele nikadhani wanakuzika. Niliteremka na upepeo huu huu nikawapige nao."

"Manyoya?"

"Upepeo una mpini wa mti pia." Akakikamua kitambaa. "Dada yako yuko mlangoni. Peke yake, safari hii."

Aelis hakuketi. Hariri yake ilisikika ikikunjwa kunjwa.

"Umemchukua mtoto wangu," akasema.

"Nimemchukua kwa mumeo."

"Mimi ndiye niliyemwambia Joseran kuhusu macho yako. Nilikuwa nikilia kitandani, akaniuliza, nikasema. Baada ya hapo hakuniacha peke yangu hata msalani, yule mwanamke ananihesabia pumzi. Nilijua wana hila ya leo, sikujua ipi. Jana usiku nilipokuja ulikuwa umelala, na Brunisenda aligeuka kuongeza makaa. Nikasogeza kigoda. Sikuwa na njia nyingine ya kukuambia kwamba wanajua." Akakigonga kigoda kwa ncha ya kiatu. "Ndiyo maana nikakwambia uangalie unapokanyaga. Ndiyo maana nikakuuliza habari za nguo, ujue kwamba unajaribiwa. Hukuelewa?"

Engeran aliyapanga maneno yale moja moja. Kila kipande kilikaa mahali pake. Kilikaa vizuri mno. Mwanamke aliyepoteza mwanawe adhuhuri anaweza kushona hadithi kama hii kabla ya jioni. Na mwanamke aliyetumwa na mumewe kupima kama ndugu yake anaona angekisogeza kigoda hicho hicho, mahali hapo hapo, kwa mkono huo huo. Angetaka kumwona usoni. Angetaka walau kumshika shavu, lakini mikono yake yote miwili ilikuwa kama ya mti.

"Njoo," akasema.

Akaja. Engeran alikuwa bado hajavaa hariri yake. Hakuomba kitu, aliinua uso tu. Akasikia pumzi ya dada yake ikisimama, kwa muda wa mtu anayesita, au wa mtu anayejizuia kulia. Kisha midomo yake ikamgusa kwenye paji, juu ya nyusi ya kushoto, pale palipobaki na hisia kuliko pengine pote. Ozana na Aelis tu ndio waliopajua mahali hapo.

"Utakwenda Mwambakijivu na Odo," akamwambia. "Bila Joseran. Bila Brunisenda. Gibelin atakuwa na macho kwako."

"Macho ya kunilinda, au ya kunichunga?"

"Sijui, dada. Nenda."

Hariri ikaondoka, polepole, ikasimama mlangoni, ikaondoka tena. Ozana akapumua. Akainuka akashika kigoda, miguu yake ikakwaruza sakafu kuelekea ukutani.

"Kiache," Engeran akasema.

"Hapa katikati? Utajikwaa kila siku."

"Kiache hapo hapo alipokiweka. Nitakizunguka."